Aliyetuchekesha: Aliuza Mkungu au Aliuza Shina?

Ndugu msomaji, mvua ya Lufingo haibishi hodi. Huteremka kutoka mlima Rungwe bila taarifa, ikatanda juu ya mashamba ya chai na migomba, na mgeni aliyekwisha kuaga hujikuta akirudishiwa kiti. Ndivyo yalivyonikuta mwezi uliopita, nilipokwenda likizo kwa mjomba wangu, mkulima wa chai na ndizi katika kata hiyo ya wilaya ya Rungwe. Begi langu lilikuwa mlangoni, gari la kwenda Tukuyu mjini lilikuwa limekwisha kupita, na mke wa mjomba alikuwa ametia ndizi jikoni kwa mara ya pili. Basi nikaketi.

Sebuleni watoto sita walikuwa wamebanana mbele ya simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Ndani ya simu hiyo mzee mmoja alikuwa akigombana na kijana kwa lafudhi ya Tanga. Wakati ule hakuwa amesema neno lolote la kuchekesha. Aligeuza uso tu, polepole, akamtazama yule kijana kwa jicho lililojaa mashaka, na watoto wakaangua kicheko. Mdogo wao kuliko wote, ambaye kwa hesabu yangu alizaliwa baada ya mzee yule kufariki dunia, alianguka kabisa juu ya mkeka.

Mjomba naye alicheka hadi akajifuta machozi. Kisha akanyamaza, akanigeukia.

"Mpwa wangu, huyu mzee si alikwisha kufa?"

"Alikwisha kufa, mjomba. Mwaka 2018."

"Basi kicheko hiki cha leo, malipo yake yanakwenda kwa nani?"

Nilidhani ni swali la kupitishia mvua. Kumbe mjomba alikuwa na sababu yake. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi barua ya posa.

Karatasi ile ilimhusu mwanawe wa mwisho, kijana wa miaka 22, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye sasa humsaidia baba yake kuchuma chai. Jioni, yeye na wenzake wawili hurekodi vichekesho kwa simu. Yeye hujivika koti kuukuu la baba yake, akajifunga kitambaa kichwani, akawa mzee mkulima wa chai anayebishana na karani wa mzani. Mzee huyo hana mwisho wa hoja. Mara adai kuwa mzani una njaa, mara aseme kuwa kilo za Rungwe na kilo za mjini si ndugu. Vichekesho hivyo vimepita mkono kwa mkono hadi Mbeya na kwingineko. Sasa amekuja bwana mmoja kutoka mjini, anataka kuvinunua.

Nikaisoma. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Kijana angeuza vichekesho 12 alivyokwisha kurekodi, pamoja na "visa vyote vitakavyofuata vya mhusika huyo". Angeuza haki zote, mahali pote, bila kikomo cha wakati. Malipo yangekuwa ya mara moja, na kwa fedha hizo mjomba angeweza kuliezeka upya banda la ng'ombe, hata chenji ikabaki.

"Wewe ni mwandishi wa gazeti," mjomba akasema. "Mambo ya wasanii unayajua. Atie sahihi au asitie?"

Ndugu msomaji, naomba nikiri mbele yako. Niliona haya. Mambo ya wasanii niliyoyajua ni vichekesho vyao. Mikataba yao sikuwahi kuiuliza. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilitumwa kumhoji mchekeshaji mmoja mkongwe. Nikarudi na ukurasa mzima wa mizaha yake. Nilipokuwa nikiondoka aliniomba nauli ya basi, huku akicheka, nami nikaandika ombi lile kama mzaha wa kufungia makala. Ilinichukua miaka kutambua kwamba hakuwa akitania.

MWIGIZAJI WA UHUSIKA

Kabla ya kuirudia karatasi ile, yatupasa kwanza kumtambua mzee aliyekuwamo ndani ya simu.

Katika kila mchezo wa kuigiza, uwe wa jukwaani au wa filamu, huwamo watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale ambao hadithi huwafuata: kijana mzuri, binti anayeposwa, shujaa. Wa pili ni wale wanaokuja na kuondoka: shangazi mbea, karani mla rushwa, mlevi wa kilabuni, mzee bahili. Watazamaji hulipa kiingilio kwa ajili ya wale wa kwanza, lakini wakirudi nyumbani huiga sauti za wale wa pili. Hawa ndio waigizaji wa uhusika. Kazi yao si kupendeza, bali ni kuwa mtu fulani hasa, kiasi kwamba mtazamaji aseme, "Huyu namjua, anakaa mtaa wa pili."

Huko Marekani watu wa kazi hii ni wengi, na mmoja wao mashuhuri alikuwa Walter Brennan, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1974. Mwaka 1932 alipoteza meno yake kwa ajali akiwa kazini. Mwingine angedhani kazi imekwisha. Brennan alitia meno ya bandia, na akagundua kwamba akiyavua anakuwa babu, ingawa alikuwa hajatimiza hata miaka 40. Ilipoanzishwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi, kwa filamu za mwaka 1936, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipata. Akaipata tena kwa filamu za mwaka 1938 na za mwaka 1940.

Sisi tulikuwa na Amri Athumani, mtu wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948. Kwa jina hilo wengi hawamfahamu. Mwite King Majuto, na hata mtoto wa Lufingo atainua kichwa.

Majuto alianza kupanda jukwaani tangu utotoni, miaka ya mwisho ya 1950, kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Hebu tafakari safari hiyo. Alipoanza, mchekeshaji alihitaji ukumbi, taa ya karabai na watu waliolipa mlangoni. Baadaye ikaja enzi ya redio, ambapo taifa zima lilikaa kimya kuwasikiliza Pwagu na Pwaguzi katika Redio Tanzania Dar es Salaam. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashirika ya umma yalianzisha vikundi vyao vya ngoma na maigizo, kama DDC Kibisa cha Dar es Salaam. Mwaka 1994 Tanzania Bara ikapata vituo vyake vya kwanza vya televisheni, miaka 20 hivi baada ya Zanzibar. Kisha zikaja kanda za video, zikafuatwa na diski, na sasa ni simu ya mkononi. Vyombo vyote hivyo vilipita, na mzee yule akavivuka kimoja baada ya kingine kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Waliokuwa vijana wa sura nzuri walizeeka, wakasahauliwa. Yeye uzee ulikuwa ndio mtaji wake, na kila mwaka uliopita ulimwongezea.

Alikuwa na wahusika wachache, nao akawajua barabara: mzee mkaidi, mzee bahili, mzee anayependa ujana kuliko umri wake unavyoruhusu. Mtu asiyeijua kazi hii aweza kusema kwamba alikuwa akirudia jambo moja. La hasha. Mtazame tena. Ubahili wa mzee mwenye nyumba ya kupangisha si ubahili wa baba anayedaiwa ada ya shule. Mmoja huficha fedha kwa sababu anazo, mwingine hufanya ukali kwa sababu hana. Majuto aliujua mpaka huo, na mtazamaji alimcheka wa kwanza kwa kumsuta na wa pili kwa kumhurumia, pengine bila kujua kwa nini kicheko chake kimebadilika.

MANENO YALITOKA WAPI?

Kuna jambo moja ambalo kila anayetaka kuelewa mikataba ya wachekeshaji wetu yampasa kulijua.

Vichekesho vya kwetu, tangu vilipoota mizizi mijini enzi za ukoloni, aghalabu havikuandikwa. Waigizaji hukubaliana kisa tu: yupo baba bahili, yupo mwana mwenye deni, na mgeni atabisha hodi wakati wa chakula. Baada ya hapo kila mmoja hujitafutia maneno papo hapo, mbele ya watu au mbele ya kamera. Mwenzake akirusha neno, yeye hulidaka na kulirudisha. Hapana karatasi.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mchekeshaji wetu ni mwigizaji na ni mtunzi pia. Mwenzake wa Marekani kwa kawaida hukabidhiwa maneno yaliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine, ambaye naye analipwa kwa kazi hiyo. Huyu wetu huyatoa kichwani mwake. Basi mtayarishaji anapomlipa ujira wa siku moja ya kuigiza, amenunua kazi mbili kwa bei ya moja, na ile ya pili hata haikutajwa. Haikutajwa kwa sababu haionekani, kwa kuwa maneno yalitoka mdomoni yakaingia kwenye mashine bila kupitia mezani.

Ndiyo maana kijana wa mjomba, aliponiambia kwa unyenyekevu, "Dada, mimi sikuandika kitu, nilikuwa nabwabwaja tu," nilimwomba asiseme hivyo mbele ya yule mnunuzi.

KICHEKO NA KITANDA CHA HOSPITALI

Majuto alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, tarehe 8 Agosti 2018, akiwa na miaka 70. Ilikuwa Nanenane, sikukuu ya wakulima. Akazikwa kwao Tanga.

Kabla ya hapo alikuwa ameugua kwa muda mrefu, akapelekwa hadi India kwa matibabu. Na ni katika ugonjwa huo ambapo nchi nzima ilianza kuuliza lile swali la mjomba. Iwapo uso wa mzee huyu umeuza diski kila soko, na umetangaza bidhaa za makampuni, fedha ziko wapi? Ikadhihirika kwamba mikataba mingi aliyotia sahihi ilikuwa haimtendei haki. Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wakati huo, Dakta Harrison Mwakyembe, ambaye pia alikuwa mbunge wa Kyela, wilaya jirani na Rungwe, aliunda kamati mwaka huo huo wa 2018 kuitazama mikataba ya wasanii.

Hakuwa peke yake. Fundi Said, aliyejulikana kwa jina la Mzee Kipara, alifariki Januari 2012. Said Ngamba, yaani Mzee Small, alifariki Juni 2014 baada ya kuugua kiharusi. Kwa wote wawili, wananchi walikwisha kusoma habari za maradhi na shida zao kabla hawajasoma tanzia.

Tuvuke mpaka twende Kenya. Huko aliishi Benson Wanjau, Mkikuyu, ambaye kwa miongo kadhaa aliigiza katika televisheni ya taifa kama Mzee Ojwang', mzee wa Kijaluo, katika mchezo wa Vitimbi. Mkewe wa mchezoni, Mama Kayai, aliigizwa na Mary Khavere, Mluhya. Watu wawili wasio Wajaluo waliunda nyumba ya Kijaluo iliyopendwa na Wakenya wa makabila yote, na wengi wa watazamaji hawakujua. Hicho ndicho kipimo cha mwigizaji wa uhusika. Lakini macho yake yalipougua, wananchi walilazimika kuchangishana ili atibiwe. Alifariki Julai 2015.

Harambee ni jambo jema, na hapana Mwafrika atakayeidharau. Lakini tusijidanganye. Mtu aliyefanya kazi iliyoingiza fedha, akaugua, kisha akasaidiwa kwa kapu la michango, huyo amelipwa deni lake kwa jina la sadaka. Deni na sadaka si kitu kimoja. Anayelipwa deni hupokea kwa kichwa kilichoinuka.

WAMAREKANI WALIFANYAJE?

Msomaji asidhani kwamba huko Marekani waigizaji walipewa haki zao kwa hisani. Chama chao kiliundwa mwaka 1933. Televisheni ilipoenea, filamu za zamani zikaanza kuonyeshwa tena majumbani, nao walioziigiza wakabaki wakijitazama bure. Machi 1960 waigizaji waligoma. Aliyekuwa rais wa chama chao wakati huo ni Ronald Reagan, yule yule ambaye baadaye, kuanzia mwaka 1981 hadi 1989, alikuwa Rais wa Marekani.

Mgomo ulikwisha kwa maafikiano ambayo yanafaa tuyasome kwa makini. Waigizaji walikubali kusamehe madai yao kwa filamu zote za kabla ya mwaka huo. Kwa filamu ambazo zingefuata, kila zinaporudiwa katika televisheni, mwigizaji angepata malipo ya marudio. Na kwa kufidia yale waliyosamehe, studio zilitoa dola milioni 2.25 za kuanzishia mfuko wa pensheni na matibabu.

Yaani wazee walipoteza, na vijana wakapata. Watu wa kizazi cha Brennan hawakuambulia malipo ya marudio kwa zile filamu zao za miaka ya 1930, lakini aliyekuja nyuma yao, hata yule mwenye sehemu ya dakika tatu, alikuta mlango umefunguliwa.

Miongoni mwa wanaofaidi mlango huo leo yumo mtoto wa Afrika Mashariki. Edi Gathegi alizaliwa Nairobi mwaka 1979, akakulia California. Mwaka 2006 aliigiza dereva wa teksi kutoka Haiti katika filamu ya Crank. Katika mchezo wa televisheni uitwao House alikuwa daktari. Mwaka 2008 akawa mnyonya damu katika Twilight. Na mwaka 2025 akawa Mister Terrific, bingwa wa sayansi, katika filamu ya Superman. Ni njia ile ile ya mwigizaji wa uhusika: leo mtu wa kuja na kuondoka, kesho mtu ambaye watazamaji wanatoka ukumbini wakimtaja.

Na vita haijakwisha hata huko. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma tena kwa siku 118, kuanzia Julai hadi Novemba. Safari hii waligombea malipo ya filamu zinazotazamwa kwa intaneti, na pia sura na sauti zao zisije zikanakiliwa na mashine bila idhini yao. Msomaji akumbuke ile karatasi ya Lufingo iliyotaka "visa vyote vitakavyofuata vya mhusika huyo". Maneno hayo hayakumtaja kijana wa mjomba. Yalimtaja mhusika. Mwenye karatasi angeweza kesho kumvika mtu mwingine lile koti kuukuu, na mwenye koti asiwe na la kusema.

MKUNGU NA SHINA

Nilipokuwa nikiyaeleza haya, mke wa mjomba alikuwa akiingia na kutoka, akiandaa mbalaga na maharage. Nilidhani hasikilizi. Alipoweka sahani ya mwisho alijifuta mikono kwa kanga, akasema:

"Mimi nauza ndizi sokoni tangu sijaolewa. Mnunuzi akija, namuuzia mkungu. Akija tena, namuuzia mkungu mwingine. Sijapata kumuuzia mtu shina. Shina lina watoto chini yake."

Sebule ilinyamaza. Mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa amekwisha kupiga hesabu ya bati, alitazama sakafu.

Ndugu msomaji, nimesoma stashahada ya uandishi wa habari, nimehudhuria semina za hakimiliki mbili tatu, lakini sijasikia jambo hili likielezwa waziwazi kuliko pale mbele ya sahani ya mbalaga. Kichekesho kimoja kilichokwisha kurekodiwa ni mkungu. Mhusika, yaani yule mzee anayebishana na karani wa mzani, ni shina. Kila mwaka linachipua. Aliyeuza mkungu amefanya biashara. Aliyeuza shina kwa bei ya mkungu amewauza hata watoto ambao hawajazaliwa.

Majuto aliuza nini? Nadhani mara nyingi mno aliuza shina, wala si kwa ujinga. Aliuza kwa sababu siku ile alihitaji fedha, kwa sababu hakuwapo mtu wa kumsomea karatasi, na kwa sababu zama zilikuwa zikibadilika kuliko mtu yeyote alivyoweza kukisia. Mtu aliyeanza kazi chini ya taa ya karabai angejuaje kwamba siku moja mtoto wa Lufingo atamtazama ndani ya simu?

Kijana wa leo anajua. Ndiyo tofauti.

YA KUSHIKA MKONONI

Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ipo COSOTA, chombo kinachosajili kazi za wasanii na kusimamia haki hizo. Sheria hiyo inamtambua mtunzi, na pia inamtambua mwigizaji kwa kazi yake ya kuigiza. Hiyo ndiyo maana ya neno hakishiriki. Haki zenyewe ni za namna mbili. Iko haki ya kiuchumi, ambayo yaweza kuuzwa au kukodishwa, na iko haki ya kimaadili, yaani kutambuliwa kwa jina kuwa ndiwe uliyeifanya kazi hiyo.

Kwa wazazi wenye watoto wa kipaji, nawasihi mambo manne.

Kwanza, msiwaache watie sahihi peke yao. Binti akiposwa hukaa baraza la wazee. Kijana akiposwa kipaji chake, kwa nini akae peke yake na mgeni?

Pili, tafuteni katika karatasi maneno yasemayo muda, mahali na kazi gani. Kuuza haki ya kuonyesha vichekesho 12 kwa miaka mitatu ni jambo moja. Kuuza "zote, pote, milele" ni jambo jingine kabisa. Mahali palipoandikwa "milele" ulizeni bei ya milele ni kiasi gani.

Tatu, sajilini kazi kabla ya kuiuza, na mtunze kumbukumbu: tarehe iliyorekodiwa, walioigiza, na aliyebuni mhusika. Kijana aliyetoa maneno kichwani mwake na ayaandike daftarini, hata kama ni baada ya kuigiza.

Nne, fedha ya kipaji ikipatikana, sehemu yake iwekwe kwa ajili ya uzee. Mfuko wa NSSF hupokea wachangiaji wa hiari wasio na mwajiri. Mchango mdogo wa kila mwezi hauna kishindo, lakini siku ya ugonjwa huwa na thamani kuliko makofi.

Nasi watazamaji tusijitoe. Kila diski iliyonakiliwa kichochoroni, tuliinunua sisi. Kila basi lililotuchekesha njia nzima kwa filamu ya wizi, tulipanda sisi, tukashuka tukisema safari ilikuwa fupi. Tulimpenda Majuto, hilo halina shaka. Lakini upendo wetu ulikuwa wa mtu anayekula boga akalikanyaga ua lake.

MVUA ILIPOKATIKA

Jioni ile tuliketi mezani, kijana, baba yake na mimi, tukaiandika upya karatasi ile. Tulifuta maneno yanayohusu visa vitakavyofuata. Tukaweka muda wa miaka mitatu. Tukaongeza kwamba jina la kijana na ya wenzake wawili yaonekane kila kichekesho kinapoonyeshwa. Hili la wenzake alilidai kijana mwenyewe, nami nikafurahi, kwani mimi nilikuwa nimewasahau.

Mjomba alisoma, akasoma tena. "Huyu bwana akikataa, je?" akauliza. "Banda linavuja, mpwa wangu."

Sikuwa na jibu la kumpa. Banda linavuja kweli. Nililiona kwa macho yangu. Ni rahisi kwa mwenye mshahara kumshauri mwenye banda linalovuja kwamba asubiri. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba uamuzi ni wao, na kwamba wakiamua kuuza shina, basi na wauze wakijua kwamba ni shina.

Kijana ndiye aliyemjibu baba yake. "Tata, bati nitanunua kwa chai. Itachukua muda, lakini nitanunua."

Mzee akanyamaza kwa kitambo, kisha akasema neno moja tu la Kinyakyusa: "Ndaga." Ahsante.

Hadi ninapoandika haya, karatasi ilikwisha kupelekwa mjini na jibu halijarudi. Huenda yule bwana atakubali, huenda asionekane tena Lufingo. Nitakapojua nitakuarifu, msomaji wangu, kwa ukurasa huu huu.

Asubuhi nilipoondoka mvua ilikuwa imekatika na mlima Rungwe ulionekana wote, mpaka kileleni. Nyuma yangu sebuleni watoto walikuwa wameiwasha tena ile simu, na yule mzee wa Tanga alikuwa akigeuza uso polepole kumtazama kijana wake kwa mashaka. Nilikisikia kicheko chao hadi barabarani.